Chipseti ya Madabodi kwa Gemu na Ovakloki: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Arusha na Moshi

Ninaunganisha kompyuta za gemu hapa Arusha. Wateja wangu wengi ni vijana wa Njiro, Sakina na Kijenge, na wengine huja na Coaster kutoka Moshi wakiwa wamepakata kasha zima la kompyuta mapajani. Karibu kila mmoja huanza na swali lile lile: ninunue madabodi gani, yaani bodi kuu ya kompyuta? Majibu yangu yameandikwa hapa kwa urefu, kwa sababu pesa ya bodi kwa kijana wa hapa ni akiba ya miezi, na inaniuma kuiona ikiishia kwenye kitu kisichomfaa.

Chipseti ni nini hasa?

Ni chipu iliyochomelewa kwenye madabodi, mara nyingi imejificha chini ya kibati cha kupoozea upande wa chini kulia. Kazi yake ni kuiunganisha prosesa na vitu vya pembeni: USB, diski za SATA, mtandao, sauti na baadhi ya nafasi za SSD. Zamani zilikuwa chipu mbili, na ile ya juu ndiyo iliyoshika RAM na kadi ya grafiksi. Kazi hizo zimeshahamia ndani ya prosesa yenyewe. Kadi yako ya grafiksi, ikiwa kwenye nafasi ya kwanza, inaongea na prosesa moja kwa moja bila kupitia kwenye chipseti. Ndiyo maana mtu aliyebadilisha bodi ya B akaweka ya Z au X (herufi ya kwanza ya jina la chipseti), prosesa na kadi zikabaki zile zile, hushangaa kuona fremu, yaani picha kwa sekunde, hazijaongezeka.

Sasa kwa nini chipseti ndiyo iamue kama nitafanya ovakloki?

Ovakloki ni kuikimbiza prosesa kuliko kasi ya kiwandani, na chipseti haikuwa na usemi huo tangu mwanzo. Mwaka 1998 watu walinunua Celeron 300A ya megahezi 300, wakapandisha basi (njia inayounganisha prosesa na bodi) kutoka megahezi 66 hadi 100, na prosesa ya bei ndogo ikakimbia megahezi 450. Mambo yalibadilika mwaka 2011, Intel ilipotoa Sandy Bridge. Saa inayoongoza mapigo ya mfumo mzima iliingizwa ndani ya chipseti, na ukiisukuma kidogo tu, SATA na vifaa vingine navyo vinayumba. Ikabaki njia moja, kizidishi (namba inayozidisha saa hiyo kupata kasi ya prosesa), na hicho kikaachwa wazi kwa prosesa zenye herufi K tu, zikikaa kwenye bodi za P67 na Z68.

Utaratibu huo ndio tulio nao mpaka leo upande wa Intel. Ruhusa inatoka sehemu mbili kwa pamoja, prosesa na chipseti. Ikikosekana moja, hakuna ovakloki ya prosesa.

Intel: nichukue Z, B au H?

Anza na prosesa uliyonayo mkononi. Kama ni Core i5-12400F, i5-13400F au nyingine yoyote isiyo na K, bodi ya Z haitakufungulia kizidishi. Chukua B660 au B760 iliyo nzuri, kinachobaki kiongeze kwenye kadi ya grafiksi. Kama ni i5-12600K, i5-13600K au i5-14600K na kweli unataka kuisukuma, hapo ndipo Z690 au Z790 ina kazi. Kwa Core Ultra 5 245K na Core Ultra 7 265K soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ni nyingine, LGA1851, na chipseti ni Z890. Ndugu zake B860 na H810 hazifungui kizidishi.

Aliwahi kuja kijana na i5-12600K iliyokaa kwenye bodi ya H610. Aliyemuuzia alimwambia ataongeza kasi baadaye. Hakuna baadaye kwenye H610. Si kizidishi tu, hata RAM haipandi juu ya kasi ya kawaida ya prosesa. Tulichoweza kufanya ni kuuza ile bodi na kuanza upya, na tofauti ya bei ilitoka mfukoni mwake.

Zipo bodi chache za B660 zenye saa yao ya pembeni ambazo ziliwahi kuipandisha hata i5-12400. Usizitafute. Ni chache, na wauzaji wengi hawajui kuzitofautisha na zile za kawaida.

Na upande wa AMD?

AMD ni wakarimu zaidi. Karibu kila Ryzen ya mezani iko wazi, na chipseti za B zinaruhusu ovakloki sawa na za X. Kwenye soketi ya AM4 chukua B350, B450, B550, X370, X470 au X570. Kwenye AM5 chukua B650, B850, X670 au X870. Zinazokataa ni zile za herufi A: A320, A520 na A620. Kuna moja inayodanganya kwa jina, nayo ni B840. Ina herufi B lakini kizidishi chake kimefungwa, RAM tu ndiyo unaruhusiwa kuipandisha.

Angalia pia prosesa za X3D. Ryzen 7 5800X3D na 5700X3D zimefungwa, kwa sababu kumbukumbu ya ziada iliyobandikwa juu yake haivumilii joto na volti kubwa. 7800X3D inakubali marekebisho madogo tu. 9800X3D, iliyotoka Novemba 2024, iko wazi kabisa. Hata hivyo zote hizi ni hodari wa gemu zikiwa kama zilivyotoka kiwandani, na anayenunua X3D sioni sababu ya kumuuzia bodi ya ovakloki ya bei mbaya.

X870 itanipa fremu nyingi kuliko B650?

Hapana. Na hapa majina yanapoteza watu wengi. B650, B850 na X870 zote zinatumia chipu ya aina moja. X670 na X870E zina mbili zilizofungwa mfululizo ili kupata USB na nafasi za SSD nyingi zaidi. X870 imelazimishwa kuwa na USB4 na nafasi ya kadi ya PCIe 5.0 (njia ya kuunganisha kadi na prosesa), basi. Kama huna SSD nne wala vifaa vya USB4, unalipia matundu ambayo hutayachomeka kitu.

Muuzaji anasema bodi ni imara kwa sababu ni Z790. Ni kweli?

Si kweli, na kama kuna jambo moja ninalotaka ulishike, ni hili: chipseti inatoa ruhusa tu, nguvu inatoka kwenye sehemu ya umeme ya bodi.

Sehemu hiyo inaitwa VRM. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka volti moja na ushee. VRM ndiyo inayoshusha. Sasa piga hesabu: prosesa inayokula wati 150 kwa volti 1.25 inavuta ampea 120. Core i9-14900K ikiruhusiwa wati 253 inakaribia ampea 200. Mkondo wote huo unapita kwenye vipande vidogo vilivyopangwa kuzunguka soketi, na kila kipande kinatoa joto. Vikiwa vichache, au vikikosa kibati cha kupoozea, vinachemka, na bodi inaamua kuipunguzia prosesa kasi ili isiungue. Mchezaji anaona gemu inakwama baada ya dakika ishirini, analaumu kadi ya grafiksi.

Bodi ya Z ya bei ya chini kabisa inaweza kuwa na VRM dhaifu kuliko bodi ya B ya daraja la kati kutoka kiwanda kile kile. Kwa hiyo usiishie kusoma jina la chipseti. Tazama vibati juu na kushoto mwa soketi: vipo pande zote mbili, au upande mmoja, au hakuna? Ni vizito vyenye mapezi, au ni plastiki ya urembo? Tundu la umeme wa prosesa lina pini nne au nane? Bodi yenye pini nne peke yake isisogelewe na ovakloki. Kisha tafuta majaribio ya bodi hiyo hiyo, kwa jina lake kamili mpaka herufi ya mwisho, maana bodi mbili zinazotofautiana neno moja kwenye boksi zinaweza kutofautiana kabisa ndani.

Ukishaifunga, weka HWiNFO, programu ya kusoma joto, endesha Cinebench au OCCT, za kuipa prosesa kazi nzito, kwa nusu saa, na usome joto la VRM kama bodi inalionyesha. Mimi nikiona limevuka nyuzi 90 huwa sipandishi tena kitu chochote.

Arusha ni baridi. Si nitaweza kupandisha kuliko mtu wa Dar?

Kiasi, ndiyo. Juni na Julai chumba kikiwa na nyuzi 16 usiku, prosesa inapumua vizuri. Lakini kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya kumi ukilinganisha na ya pwani. Feni ikizunguka mizunguko ile ile inasukuma hewa pungufu, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Baridi inakupa, mwinuko unakunyang'anya sehemu.

Moshi ni habari nyingine. Iko chini zaidi, na Januari na Februari chumba cha bati bila dari huko Majengo au Pasua kinapita nyuzi 30 mchana. Kompyuta ninayoipeleka Moshi siipimi usiku wa Arusha nikasema iko salama. Ninaiachia nafasi ya nyuzi 10 hadi 15.

Halafu vumbi. Kiangazi upepo unapoinuka, kichujio cha mbele ya kasha kinaziba ndani ya wiki tatu. Fungua, puliza na blowa, shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Hili litakupa nyuzi kadhaa bila senti.

Umeme wa huku unacheza. Ovakloki itastahimili?

Prosesa iliyopandishwa mpaka ukingoni haina akiba ya kuvumilia umeme unaoshuka na kupanda. Weka pawa saplai ya jina linaloaminika na yenye nafasi, kisha UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika. UPS si anasa. Hata dakika tano zinatosha kuzima kwa utaratibu.

Na usisasishe BIOS, programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, bila UPS. Mimi mwenyewe nilipoteza bodi ya B450 kwa uniti za LUKU kuisha katikati ya kazi. Mita ilikuwa inalia tangu asubuhi na sikuijali. Tangu siku hiyo napendelea bodi yenye kitufe cha Flashback nyuma, kile kinachokuwezesha kuandika BIOS upya kwa flashi hata bila prosesa. Kwa mtu wa AM4 anayetaka kuweka Ryzen 5 5600 au 5800X3D kwenye B450 ya zamani, kitufe hicho ni mkombozi, kwa sababu BIOS ya kiwandani ya bodi hiyo haizitambui prosesa hizo.

Nina Dell OptiPlex ya mtumba. Naweza kufanya ovakloki?

Hapana, hata kama ndani kuna prosesa ya K. OptiPlex 7060 na HP EliteDesk 800 G4 zina chipseti ya Q370, iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi. Kizidishi kimefungwa, pawa saplai ni ndogo, na viunganishi vya umeme ni vya kampuni yenyewe, si vya kawaida. Lakini usiidharau. Ikiwa na i7-8700, ina kore (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) sita zinazoweza kucheza mengi. Kama kasha ni lile kubwa, weka kadi ya grafiksi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, hakikisha RAM ni mbili zinazofanana, na ucheze.

Bodi za Kichina za X99 zenye Xeon je? Zinauzwa rahisi sana.

Nazifahamu. Jina la X99 kwenye boksi mara nyingi halina ukweli. Chipseti ndani inaweza kuwa imetolewa kwenye bodi nyingine ya zamani, kama Q87 au B85. Xeon, prosesa za seva, nyingi zinazouzwa nazo zimefungwa. Kwa kazi za kuhariri video zina kore nyingi kwa bei ndogo. Kwa gemu, Ryzen 5 5600 itazipita kwa sababu gemu inataka kore chache zenye mbio.

Kupandisha RAM nako kunahitaji Z?

Siyo lazima. Kwa Intel, kuanzia B560 ya mwaka 2021, chipseti za B zinaruhusu RAM kupanda. B460 na za kabla yake hapana: i5-10400 kwenye B460 inabaki megahezi 2666 hata ukinunua RAM ya 3600. Kwa AMD hata A620 inakubali.

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta "nzito" hawajawahi kuwasha XMP, mpangilio unaoifanya RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikwa juu yake. RAM ya 3200 inaendeshwa kwa 2133 au 2666 tangu siku ya kwanza, ya DDR5 inabaki 4800. Ingia BIOS, washa XMP kwa Intel au EXPO kwa AMD, hifadhi, basi. Hakikisha pia ni RAM mbili, kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nimeona tabasamu nyingi zaidi kutokana na hatua hii kuliko ovakloki ya prosesa.

Kwa AM5 sasisha BIOS kabla ya kuwasha EXPO. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua kwa bodi kuzipa volti kubwa mno sehemu ya SoC, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Kwa Ryzen 7000 na 9000, DDR5 ya 6000 ndiyo inayotulia vizuri. Zaidi ya hapo unatafuta usumbufu.

Nimepata i7-13700K iliyotumika kwa bei nzuri. Ninunue?

Tulia kwanza. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 za Intel zilikuwa na tatizo la kujipandishia volti mpaka zikachakaa, na Intel ilitoa maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa yanayokuja na BIOS) ya kurekebisha, 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba mwaka huo. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi uliokwishatokea. Hujui iliishi vipi kabla ya kufika kwako. Mimi huomba kuijaribu saa moja kwenye bodi yenye BIOS mpya. Mwenyewe akikataa, naondoka. Kizazi cha 12 hakina tatizo hilo, na kinakaa kwenye bodi zile zile za LGA1700.

Ninapokagua bodi ya mtumba Nairobi au Kariakoo, nitazame nini?

Kama unavuka Namanga au unaletewa kwa basi kutoka Dar, ukaguzi ufanyike kabla pesa haijatoka. Kwa Intel na AM5 pini ziko kwenye bodi: ondoa kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu, uangalie kwa mshazari. Safu za pini zinatakiwa zing'ae kwa mpangilio mmoja. Inayokwenda kinyume imepinda. Kwa AM4 pini ziko kwenye prosesa, geuza uangalie huko. Nusa karibu na VRM. Harufu ya kuungua haifichiki. Ikiwaka, fungua programu ya CPU-Z, sehemu ya bodi, usome jina la chipseti kwa macho yako. Kibandiko juu ya boksi si ushahidi.

Bodi inayotumwa kwa basi bila kifuniko cha soketi msikubaliane. Matuta ya njiani ni mengi.

Kwa hiyo ovakloki bado ina maana siku hizi?

Kama unaipenda kazi yenyewe, ina maana kubwa. Kukaa na prosesa usiku kucha, kuongeza megahezi 100, kupima, kushusha volti kidogo, kupima tena, ni namna ya kuijua kompyuta ambayo hakuna darasa litakupa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii.

Lakini kama unachotaka ni fremu, faida ni asilimia chache. Core i5-2500K ya mwaka 2011 ilitoka na gigahezi 3.3 na wengi waliifikisha 4.5. Prosesa za leo kiwanda kimeshazikamua karibu zote. Ninachowashauri zaidi watu wa Moshi hasa ni kinyume chake: kushusha volti. Kwa Ryzen tumia Curve Optimizer, mpangilio wa BIOS wa kushusha volti, anza na hasi 10, pima, kisha hasi 15. Joto linashuka, na mara nyingi kasi inapanda kidogo kwa sababu prosesa imepata nafasi ya kupumua. Inafanyika kwenye B550 na B650 za kawaida. Jua tu kwamba udhamini wa AMD haugharimii madhara ya ovakloki, na EXPO nayo wanaihesabu humo.

Ungekuwa wewe, ungenunua ipi?

Mwenye akiba ndogo: B450 au B550 nzuri, Ryzen 5 5600, DDR4 mbili za giga 8. Kama kadi yako ni RX 6500 XT, hiyo ina njia nne tu za PCIe, kwa hiyo chagua B550 yenye PCIe 4.0, kwenye B450 yenye 3.0 itapoteza sehemu ya nguvu yake. Bei za DDR5 zilipopanda mwishoni mwa 2025, njia hii ya AM4 ilizidi kuwa na mantiki.

Anayetaka bodi ya kukaa nayo: B650 au B850 yenye VRM ya kueleweka. AMD wameahidi kuiendeleza AM5 mpaka 2027 na baada ya hapo, kwa hiyo utabadilisha prosesa bila kugusa bodi.

Anayependa ovakloki kwa moyo: i5-12600K na Z690 ya daraja la kati, ya DDR4 kama unazo tayari. Kumbuka bodi za LGA1700 zipo za DDR4 na za DDR5, na RAM hazibadilishani.

Nimechomeka HDMI kwenye bodi, skrini haiwaki. Bodi imekufa?

Soma herufi ya mwisho ya prosesa. Kama ni F, mfano i5-12400F, haina grafiksi za ndani. Hamishia waya kwenye kadi.